Mchepuko

Siku ya kwanza Nkwimba alikuwa na neno moja tu.
Nilimwonyesha kikombe, akasema: sado.
Nilimwonyesha saa. Sado.
Nikamuuliza jina la binti yake aliyemshika bega,
akamtazama muda mrefu, midomo ikitafuta,
kisha machozi, kisha: sado.

Miaka ishirini na mitatu amepima dagaa mwaloni Kirumba,
bati likijaa, kiganja kikipangusa juu,
nyongeza ya ngumi moja kwa mteja wa kudumu.
Mshipa ulipoziba kichwani, upande wa kushoto,
mkono wa kulia ulianguka pajani kama samaki wa jana,
na maneno yote yakaenda, likabaki lile la bati.

Mimi ni mtu wa mazoezi. Chumba changu ni cha mwisho,
ukipita famasi, ukipita ndoo za wafagiaji;
dirisha linaona ziwa kidogo, na magugu maji mengi.
Kazi yangu ni kusema "tena."
Shika kizibo. Tena. Weka mezani. Tena.
Kimeanguka? Si neno. Tena.

Ndipo akaja Bituro, kijana wa utafiti,
na kofia ya nyaya, na kompyuta yenye ufa kwenye kioo.
Akampaka Nkwimba jeli ya baridi katikati ya twende kilioni,
akatuonyesha mistari ikitetemeka.
"Hapa pamekufa," alisema, "hapatafufuka.
Lakini tazameni pembeni: seli jirani zimeanza kuitana.
Zikiitwa kila siku, zitafungua mchepuko."
Benchi zima la wanawake likaangua kicheko.
"Mchepuko! Kumbe hata ubongo!"
Nkwimba naye alicheka, mdomo ukivutwa upande mmoja.
Bituro hakuacha kioo. "Mmeona? Hapo. Mchekesheni tena."

Sikukiandika kicheko. Faili lina safu ya viungo tu.

Kisha mvua za Aprili, na Nkwimba hakuja.
Wiki moja. Tatu. Simu ya binti haipatikani.
Nauli, nilijisemea; au lile lingine, ambalo hatulitaji.
Jumamosi nikapanda Mabatini.

Asiyepajua ajue hivi: nyumba zimeng'ang'ania mawe,
na ngazi niliyoikumbuka ilikuwa imekwenda na maji,
zege lote, hadi mtaroni.
Hakuna aliyekuja kupima wala kuchora ramani.
Ila watu walikuwa na ndoo za kupandisha,
na watoto wa shule, na jeneza moja, niliambiwa,
wakapita kando ya jiwe, kati ya choo cha mtu na kamba ya nguo,
mmoja akiteleza, mwingine akikanyaga palepale alipoteleza mwenzake,
hata udongo ukang'aa kwa nyayo.
Nilisimama nikihema. Nilitaka kumpigia Bituro.
Sikuwa na salio.

Nkwimba alikuwa uani. Mkono wake wa kushoto, ule mzima,
umefungwa kiunoni kwa kanga;
mjukuu ndiye aliyefunga, fundo la kitoto, la kufa na kupona.
Mkono wa kulia ulilishika bati,
ukachota, ukatetemeka, ukamwaga. Kuku walikuwa wamenenepa.
"Tena," alisema mjukuu, kwa sauti yangu kabisa.

Nikaomba nipimiwe.
Chai ingeweza kuiva tukisubiri.
Akanikabidhi, akanikazia macho, mdomo ukahangaika,
jasho likamtoka juu ya nyusi,
nikajua linakuja lilelile.
"Elfu nne," akasema.

Mwaloni ni tatu.

Nililipa. Sado haikufika hata nusu.
Nikashuka nikijishika kwenye kamba ya nguo za watu,
dagaa wakinichoma ubavuni kupitia mfuko.